Duka la Mjini, Kibanja cha Kijijini: Hatima ya Sanaa za Mikono Bukoba na Muleba

Mjadala kuhusu biashara ndogo nchini umejikita kwa muda mrefu katika mambo mawili: mtaji na soko. Halmashauri hutangaza mikopo isiyo na riba kwa vikundi, taasisi za umma hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na maonesho ya biashara huwakutanisha wazalishaji na wanunuzi. Kwa muuzaji anayenunua bidhaa kwa jumla na kuziuza rejareja, mtaji na soko vikipatikana kazi imekwisha. Kwa msusi wa vikapu wa Muleba au muuza sanaa wa Bukoba, hesabu hiyo ina pengo. Kabla ya mtaji na kabla ya soko kuna malighafi, na malighafi hiyo haiuzwi dukani. Huota kibanjani.

Pengo hilo linastahili kuangaliwa sasa, wakati mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imerejea baada ya kusitishwa mwezi Aprili 2023, na wakati Mkoa wa Kagera ukitafuta nafasi yake katika utalii wa Kanda ya Ziwa. Ikiwa fedha zitaelekezwa kwenye mafundi wa sanaa bila kutazama kule inakotoka kazi yao, kuna hatari ya kupata vikundi vyenye mikopo na maduka yenye rafu zilizojaa bidhaa za kwingine.

Mji wenye historia ya duka

Bukoba ni mji uliokua na biashara. Ulianzishwa mwaka 1890 kama kituo cha utawala wa Wajerumani chini ya Emin Pasha, na haukuchukua muda mrefu kuwa kituo cha kahawa, ngozi na nguo katika ukanda wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Jengo linalojulikana kama Duka Kubwa, ambalo lilikuwa duka la bidhaa mchanganyiko tangu enzi hizo, bado ni alama ya mji. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilisababisha vifo, likabomoa maelfu ya nyumba na kuacha nyufa katika majengo mengi ya umma na ya biashara, lakini shughuli za mji zilirejea.

Anayetembea leo kutoka Soko Kuu kuelekea Barabara ya Jamhuri, kisha akashuka upande wa ziwa hadi Nyamukazi yaliko Makumbusho ya Kagera, hukutana na bidhaa za aina mbili zinazoishi jirani. Aina ya kwanza ni kazi za mikono: vikapu vyenye mifuniko iliyosukwa kwa ustadi, vibuyu vya kunywea rubisi, ngoma, mikeka, na vifuko vidogo vya kahawa ya kutafuna ambayo Wahaya wamempa mgeni kama ishara ya heshima kwa vizazi vingi. Aina ya pili ni nguo: vitenge vinavyosubiri fundi cherehani, na mitumba iliyochambuliwa kutoka kwenye belo, zikiwemo koti, gauni na suruali za mitindo ya miaka ya nyuma ambazo vijana wamezipenda tena.

Aina hizi mbili huonekana kuwa mbali, lakini zinaulizwa swali moja: thamani inaongezwa wapi, na inabaki kwa nani?

Kibanja kama karakana

Mhaya hakutenganisha shamba na karakana. Kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, hutoa ndizi na kahawa, na pia hutoa kamba, majani, nyuzi na miti ya kutengenezea vyombo vya nyumbani. Ganda kavu la mgomba huwa kamba na malighafi ya kusukia. Kibuyu hutundikwa kikakauka na kuwa chombo. Mti wa jamii ya mkuyu ujulikanao kitaalamu kama Ficus natalensis, uliopandwa ili kutoa kivuli kwa migomba na kahawa, ndio uliotoa lubugo, nguo ya gome iliyovaliwa kabla pamba haijafika.

Kazi ya lubugo inaeleza vizuri jinsi shamba na ufundi vilivyofungamana. Fundi huchagua mti uliokomaa, hukwangua ngozi ya juu, kisha hukata gome kwa mzunguko chini na juu ya shina na kulibandua likiwa kipande kimoja. Shina lililobaki wazi hufunikwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya huota. Gome lililobanduliwa hulainishwa kwa moto au mvuke, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka lipanuke na kuwa kitambaa, na mwisho huanikwa juani, ambako rangi yake hugeuka kuwa nyekundu ya udongo. Mti mmoja ukitunzwa huvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Bila mgomba wa kufunikia shina, na bila mti wa kubandua, hakuna nguo.

Hapa ndipo hali ya Muleba inapogusa maduka ya Bukoba moja kwa moja. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ambao wakulima wa Kagera huuita unyanjano, uligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2006 katika Wilaya ya Muleba. Ugonjwa huo hauna dawa. Mkulima hulazimika kung'oa na kuzika mgomba ulioathirika, kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kusafisha vifaa kwa moto au kwa dawa ya kuua vijidudu kila anapotoka kwenye shina moja kwenda jingine. Kibanja kilichopoteza migomba kimepoteza chakula, na pia kimepoteza malighafi ya kusukia na kivuli cha kahawa.

Kwa msusi, somo ni la vitendo. Kisu cha kukatia maganda ya mgomba kinaweza kubeba ugonjwa kutoka shamba la jirani hadi lake. Mafunzo ya sanaa za mikono yasiyotaja usafi wa kisu hayajakamilika, na maofisa ugani wana nafasi katika vikundi vya wasusi kama walivyo nayo katika vikundi vya wakulima wa kahawa.

Nani mwenye mti?

Kuna suala jingine la kibanja ambalo huathiri sanaa za mikono kimyakimya, nalo ni umiliki. Wasusi wengi ni wanawake, lakini kwa mila ardhi ya ukoo ilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri lililotoka Kagera kwamba kanuni ya mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi ilikuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilitamka kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuhamisha ardhi.

Hukumu na sheria zilifungua mlango, lakini uamuzi wa kupanda mti utakaovunwa baada ya miaka kadhaa bado hufanywa na yule mwenye sauti juu ya shamba. Msusi asiye na sauti hiyo hununua malighafi au huokota anachopata, na bidhaa yake hubadilika ubora kila msimu. Mnunuzi wa mjini huona vikapu visivyolingana na kudhani ufundi umeshuka, ilhali kilichoshuka ni uhakika wa nyuzi. Kwa sababu hiyo, elimu ya haki za ardhi inayotolewa na halmashauri na watoa msaada wa kisheria ni sehemu ya uchumi wa sanaa, hata kama haitajwi hivyo.

Somo kutoka ng'ambo ya Mutukula

Mpaka wa Mutukula hauko mbali na Bukoba, na upande wa pili wake lubugo imepata sifa ya kimataifa. Ufundi wa lubugo wa Uganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Tangu hapo kitambaa hicho kimetumika katika mikoba, mapambo ya nyumba na mavazi ya majukwaani.

Jambo hili halipaswi kuzua ushindani wa nani aliyeanza. Utamaduni wa lubugo ulienea katika falme jirani za eneo la Maziwa Makuu, na Wahaya walikuwa sehemu yake. Linalopaswa kuangaliwa ni matokeo ya kibiashara. Mgeni anayeona lubugo katika duka la Bukoba huifikiria kuwa bidhaa ya Uganda, na mara nyingine atakuwa sahihi, kwa kuwa ni rahisi zaidi kwa mwenye duka kununua kitambaa kilichokwisha kutengenezwa ng'ambo kuliko kumtafuta fundi wa kijijini mwenye mti. Tanzania iliridhia Mkataba wa UNESCO wa Urithi wa Utamaduni Usioshikika mwaka 2011. Njia ya kuorodhesha na kulinda ufundi wa Kagera, peke yake au kwa ushirikiano na majirani, iko wazi kisheria. Kinachotangulia ni kumbukumbu: mafundi ni akina nani, wako vijiji vipi, miti imebaki mingapi.

Mitumba na mkono wa fundi

Upande wa nguo una historia yake ya sera. Mwezi Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walielekeza kwamba nchi wanachama ziangalie namna ya kuondoa mitumba sokoni ndani ya miaka 3 ili kukuza viwanda vya nguo na ngozi. Ushuru wa forodha ulipandishwa katika mwaka wa fedha 2016/17 kutoka dola 0.2 hadi dola 0.4 za Marekani kwa kilo, na Rwanda ikaenda mbali zaidi kwa kutoza dola 2.5. Wafanyabiashara wa Marekani wanaosafirisha mitumba walilalamika, na Serikali yao ikaanza mapitio ya ustahiki wa nchi hizo katika mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia soko la Marekani bila ushuru. Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, na mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi.

Mvutano huo ulionesha pande mbili za ukweli. Ni kweli kwamba mitumba hushindana na nguo za viwandani kwa bei ambayo kiwanda cha ndani hakiwezi kuifikia kwa urahisi. Ni kweli pia kwamba maelfu ya watu huishi kwa kufungua belo, kuchambua, kufua, kupiga pasi, kurekebisha na kuuza. Katika mji kama Bukoba, fundi cherehani anayepunguza koti, kubadilisha kola au kuunganisha kitenge na suruali ya dengrizi anafanya kazi ya ubunifu juu ya malighafi iliyotoka nje. Nguo iliingia nchini kwa kilo. Inaondoka mezani kwake kwa kipande, na bei ya kipande hicho inategemea jicho na mkono wake.

Hapo ndipo fundi cherehani na msusi wanapokutana. Amerikani, ile pamba iliyoletwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani katika karne ya 19, ilianza kuisukuma lubugo kando muda mrefu kabla ya mtumba kuja kumpunguzia fundi cherehani kazi ya kushona nguo mpya. Mara zote mbili kilichofika kutoka nje kilikuwa cha bei nafuu na cha wingi. Mwenye ufundi alibaki sokoni pale tu alipotoa kitu ambacho bidhaa ya wingi haiwezi kutoa. Kipande cha lubugo kilichounganishwa na kitambaa cha pamba kwenye mkoba, au kitenge kilichoshonwa juu ya koti la mtumba, ni mfano wa njia hiyo. Kinahitaji wote wawili wafahamiane, na kwa sasa mara nyingi hawafahamiani: mmoja yuko Kamachumu au Nshamba, mwingine yuko mjini.

Kahawa ina lebo, kikapu hakina

Kagera ina uzoefu wa jinsi bidhaa ya kibanja inavyopata jina. Kahawa ya robusta inayolimwa na wakulima wadogo imepitia vyama vya msingi na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, na sehemu yake imeuzwa katika soko la biashara ya haki kwa miongo kadhaa. Kiwanda cha Tanica mjini Bukoba huifanya kuwa kahawa ya unga inayoyeyuka, ndani ya kopo lenye jina linalojulikana nchi nzima. Hata senene, ambao miaka ya nyuma walisafirishwa kwa mafungu ya nyumbani, sasa huuzwa katika vifungashio.

Kikapu cha Muleba hakijafika huko. Hakina daraja la ubora linalokubalika na wote, hakina kipimo, hakina kipande cha karatasi kinachosema kilisukwa wapi na kwa nyuzi gani. Matokeo yake huonekana katika bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu: msusi akitumia siku 4 kwa kikapu kimoja na kukiuza kijijini kwa shilingi 12,000, anapata shilingi 3,000 kwa siku kabla ya kutoa gharama ya nyuzi na rangi. Mwenye duka akikiuza kwa shilingi 30,000, tofauti ya shilingi 18,000 hugharamia usafiri, pango, leseni na hatari ya kukaa na mali isiyouzika. Si haki kumlaumu mwenye duka. Lakini bila lebo na daraja, msusi hana hoja ya kudai zaidi, na mnunuzi hana sababu ya kulipa zaidi.

Historia ya sanaa nchini inatoa onyo. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972 akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini mtindo wake ulibeba jina lake duniani. Wanafunzi na ndugu zake walijiunga na baadaye, mwaka 1990, wakaanzisha chama cha ushirika Dar es Salaam. Pamoja na juhudi hizo, picha za mtindo huo huchorwa na kuuzwa kila mahali na watu wasio na uhusiano wowote na chama hicho. Upande mwingine, vikapu vya agaseke vya Rwanda viliingia katika maduka ya Macy's nchini Marekani kuanzia mwaka 2005 kwa sababu vikundi vya wanawake vilikubali vipimo, rangi na ubora unaofanana. Jina zuri bila utaratibu huwanufaisha wengine. Utaratibu huliletea jina kipato.

Yaliyopo na yanayokosekana

Vyombo vya kusaidia vipo. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kinazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani Kagera. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, husajili wasanii na shughuli za sanaa, Ofisi ya Hakimiliki hushughulikia ulinzi wa kazi za ubunifu, na TanTrade husimamia maonesho ya biashara. Kikundi cha wasusi kinachotaka mkopo huanzia kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye hukielekeza kuhusu usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi.

Kinachokosekana ni kiungo kati ya vyombo hivyo na kibanja. Mkopo hurejeshwa kwa marejesho yanayoanza mapema, ilhali mti wa lubugo huhitaji miaka kadhaa kabla ya kubanduliwa mara ya kwanza. Hakuna kikundi kitakachokopa ili kupanda mti. Lakini ipo njia isiyohitaji mkopo mpya. Serikali imekwisha kuzielekeza halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka, na vitalu hujazwa zaidi miti ya mbao na matunda. Manispaa ya Bukoba na Halmashauri za Wilaya za Bukoba na Muleba zikitenga sehemu ndogo ya vitalu hivyo kwa miti ya lubugo na mimea ya kusukia, zitakuwa zimetekeleza agizo la mazingira na kuweka akiba ya malighafi kwa wakati mmoja. Mti huo, tena, ni rafiki wa kahawa na mgomba, hivyo haumnyang'anyi mkulima nafasi.

Hatua ya pili ni daraja na lebo. SIDO na maofisa utamaduni wa halmashauri wanaweza kukaa na vikundi na wenye maduka wakakubaliana kuhusu vipimo vichache na alama inayotaja kijiji, malighafi na kikundi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya maonesho ya siku chache. Hatua ya tatu ni kuwakutanisha mafundi cherehani wa mjini na wasusi wa vijijini katika mafunzo ya pamoja, badala ya kila kundi kufundishwa peke yake.

Kuanzishwa kwa Hifadhi za Taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe mwaka 2019, pamoja na safari za meli kati ya Mwanza na Bukoba, kumeongeza sababu za mgeni kufika Kagera. Mgeni huyo atanunua kitu kabla ya kuondoka. Kama atanunua kinyago kilichochongwa mbali na hapa na kitambaa kilichotoka ng'ambo ya mpaka, mji utakuwa umepata faida ya muuzaji pekee. Akinunua kikapu chenye jina la kijiji cha Muleba, sehemu ya fedha yake itarudi hadi kwenye shina la mgomba na kwa mwanamke aliyekisuka. Uamuzi wa ipi kati ya hizo mbili itatokea unaanza msimu huu wa mvua, katika orodha ya miche itakayooteshwa vitaluni.